Neno Nililolilainisha Mahakamani

Mwanangu Aikande,

Umeniaga kuwa unakwenda Kwa Mrombo na rafiki yako kununua vitu vya safari, na utarudi kabla giza halijaingia. Nimekaa sebuleni, vyombo vya wageni bado havijaoshwa, nami nimeamua visubiri. Kesho asubuhi utakuwa kwenye basi, na unanijua: siwezi kusema jambo zito stendi huku watu wakinitazama. Barua hii nitaiweka katikati ya nguo zako. Usiisome njiani. Isome ukishapata kitanda chako.

Sitakuandikia habari za soksi wala dawa wala kuamka mapema. Huko unakokwenda wapo watu wa kukuamsha.

Nakuandikia kwa sababu ya kicheko cha leo mchana. Tulikuwa tumemaliza kula, mchungaji ameshaomba na kuondoka, mjomba wako Nderingo akasimama kutoa neno. Alisema ukoo wetu sasa una mwanasheria jeshini, na vijana wetu walioko kambini wamepata mtu wao. Akasema kesi za vita ni za wale wengine, wale walioletwa hapa mjini zamani wakahukumiwa na majaji wa mataifa. Lakini askari wako mwenyewe akikosea huko porini, jambo linamalizwa nyumbani. Kisha akakunyooshea kidole, akasema, "Na nyumbani ndiyo wewe." Watu wakapiga makofi. Wewe ulicheka.

Nilikuwa mlangoni na sufuria ya machalari ya ndizi na nyama. Nikaiweka sufuria chini, nikaenda nyuma kwenye migomba nikatapika. Ulipokuja kuniuliza nilikuambia ni mafuta ya nyama. Hayakuwa mafuta.

Mjomba wako simlaumu sana. Alisema kile ambacho karibu kila mtu pale sebuleni anakiamini. Na wewe ulicheka kwa adabu, kama mtu anavyocheka mkubwa akitania. Nakijua kicheko hicho. Mimi nilikicheka majuma tisa, katika nchi ya watu, na mpaka leo kinanitia kinyaa kila nikikikumbuka.

Unakumbuka ulipokuwa darasa la tano nilisafiri, ukabaki na bibi yako kule Akheri. Nilirudi na vitenge, baba yako akauliza kazi ilikuwaje, nikasema ilikuwa nzuri. Marehemu alikufa akiamini hivyo. Wewe ulikwenda shuleni kujisifu kuwa mama yako amefanya kazi ya kuhukumu wauaji, na mwalimu wako akaniita niongee na wanafunzi. Nilikwenda. Nikasimama mbele ya watoto wa darasa la tano nikawaeleza habari za haki. Sijui nilipata wapi mdomo.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Unajua nilikuwa mkalimani wa Kifaransa na Kiswahili katika ile mahakama ya kimataifa hapa mjini. Ilipokaribia kumaliza kazi, wengi wetu tulianza kutafuta pa kushika. Nikaitwa na nchi moja ya magharibi yetu, ng'ambo ya ziwa. Sitaitaja, ukishasoma utaikisia, na haitakusaidia kitu. Nchi ile ilikuwa imeamua kuwashtaki wanajeshi wake wenyewe. Kikosi chake kilikuwa kimekomboa kijiji kutoka kwa waasi, na kilipokikomboa, kikawaua wanaume na kuwabaka wanawake, kwa madai kwamba waliwapikia waasi. Mahakama ya kijeshi ilitumwa huko huko mashariki ili wanakijiji waweze kufika. Majaji walitoka mji mkuu, mbali sana, hawajui Kiswahili. Wanakijiji walijua Kiswahili cha kwao na lugha yao ya kilimani, hawajui Kifaransa. Wakalimani wa pale pale walikuwa wanaogopa, na nani angewalaumu. Ndipo wakatafuta mtu wa nje, asiye na ndugu katika ugomvi ule. Mimi.

Nilikwenda kwa fahari, mwanangu. Sitakuficha. Nilijiambia kwamba kumhukumu adui ni rahisi, kila mshindi anaweza. Nchi inayowapandisha kizimbani watoto wake yenyewe ndiyo nchi. Niliyasema maneno hayo kwa baba yako wakati napanga nguo. Ni maneno ya kweli hata sasa. Mdomo wangu ndio ulioyachafua.

Washtakiwa walikuwa sita. Watano walikuwa askari wa kawaida, na wa sita alikuwa kamanda wao, kanali. Wale watano walilala kwenye ghala nyuma ya kituo cha polisi, wakaletwa mahakamani kwa miguu, wamefungwa pamoja kwa kamba moja. Kanali, kwa heshima ya cheo chake, alilala katika nyumba ya wageni ya misheni. Huko ndiko tulikolala na sisi. Majaji, wakili wa kanali, karani, mimi na mshtakiwa wa mauaji tulikula meza moja.

Siku ya kwanza nilishtuka. Siku ya tatu nilikuwa nampitishia chumvi.

Alikuwa mtu wa adabu sana. Aliwahi kusoma katika nchi yetu, Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, na alinisalimia kila asubuhi kwa jina la Mama Arusha. Aliuliza habari zako kwa jina. Nilipougua tumbo alimtuma mtu anitafutie tangawizi, akaja mwenyewe mpaka barazani kuuliza kama nimepata nafuu. Mezani alisimulia mambo ya kuchekesha, majaji wakacheka, nikacheka. Aliwaita wale watano "hao wanyama," akasema wamelichafua jeshi, akatikisa kichwa kwa huzuni. Nilimhurumia. Nilimwona mtu mwema aliyeponzwa na watu wa chini yake.

Hakunihonga, Aikande. Hakuniomba chochote. Ningekuwa nimehongwa leo ningekuwa na la kusema, kwamba nilishindwa na tamaa. Mimi nilishindwa na tangawizi, na kuitwa jina zuri.

Mtu mmoja hakula nasi. Alikuwa mwendesha mashtaka, Kapteni Lwambo, kijana wa miaka thelathini hivi, mwanajeshi wa jeshi lile lile, mwenye sare iliyopauka mabegani. Alinunua mahindi ya kuchoma barabarani akala peke yake kwenye ngazi za ukumbi, mafaili yakiwa magotini. Mezani kwetu walimwita msaliti, kwa utani. Walisema anatafuta sifa kwa wazungu. Wakasema jeshi lililomsomesha ndilo analolivua nguo hadharani. Nami nilimwona mkavu, hana salamu, anajifanya mtakatifu. Sasa najua kwamba alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa huku anafanya kazi yake hana nafasi ya kukuchekea.

Kesi dhidi ya wale watano haikuwa ngumu. Wanawake waliwatambua. Shida ilikuwa kanali. Yeye alijitetea kwamba alifika kijijini mambo yakiwa yameshatokea, na kwamba alipofika aliwazuia askari wake na kuwalinda wanawake waliobaki. Kapteni alisema huo ni uongo, kwamba kanali alikuwepo tangu mwanzo na yote yalitendeka mbele ya macho yake. Kwa sheria yao, kama alikuwepo akaona akaacha, kosa ni lake kuliko la yeyote. Kila kitu kilikuwa juu ya shahidi mmoja.

Nitamwita Riziki; si jina lake. Alikuwa mwanamke wa umri wangu wa wakati ule, mwembamba, kitambaa kimefungwa mpaka kwenye nyusi. Walimweka nyuma ya pazia ili watu wasimwone, lakini mimi niliketi kwenye ukingo wa pazia, nikimwona yeye na ukumbi pia, kwa sababu ilibidi nimsikie na majaji wanisikie. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya moshi kwenye nguo zake. Alieleza taratibu, bila kulia. Alisema waliingizwa kwenye darasa la shule. Alisema mumewe aliitwa nje na akasikia mlio wa bunduki. Alitaja waliyofanyiwa, moja baada ya jingine, na mimi nikayatia katika Kifaransa moja baada ya jingine, kama nilivyofundishwa, sauti haipandi haishuki. Mpaka hapo nilifanya kazi yangu.

Kapteni akamuuliza, kanali alikuwa wapi wakati huo.

Riziki akasema, "Mukubwa alikuwa palepale. Aliikala ku kiti, alikuwa anatuangalia."

Ndivyo wanavyosema kwao: mkubwa alikuwa pale pale, amekaa kwenye kiti, anatuangalia.

Unajua lugha yetu. Unaweza kumwangalia mtu kama unavyoangalia mpira. Na unaweza kumwangalia mgonjwa, kumwangalia mtoto, maana yake ukamtunza. Bibi yako akisema nani atamwangalia ng'ombe, hana maana ya kumkodolea macho. Neno ni moja; anayelisema ni nani na yuko wapi, hayo ndiyo yanayokupa maana. Mwanamke aliyelala sakafuni chini ya askari, akasema mkubwa wao amekaa kwenye kiti anamwangalia, hahitaji mkalimani kutoka Arusha kumfafanulia.

Nilijua. Hakukuwa na dakika ambayo sikujua. Lakini niliinua macho, na upande wa pili wa ukumbi nikamwona kanali. Yeye alikuwa amesikia Kiswahili moja kwa moja, hakuhitaji kunisubiri. Alikuwa ananitazama kwa utulivu, kama mtu anayengoja chai. Nikafikiri, mtu huyu hawezi. Nikafikiri pengine mama huyu amechanganya. Nikaona aibu kumtamkia mbele ya watu neno lile, mtu niliyekula naye asubuhi. Nikasema kwa Kifaransa kwamba kamanda alikuwa amekaa pale akiwa anawachunga.

Jaji mkuu aliinua kalamu. Huyo alikuwa mzee makini, na naamini hakuwa na nia mbaya. Akaniuliza mimi, si shahidi: neno alilolitumia shahidi maana yake ni kutazama au ni kulinda?

Kanuni ya kazi yetu ni rahisi. Ukiulizwa hivyo, unamrudia shahidi, unamuuliza alikusudia nini. Ni swali la kufumba na kufumbua. Riziki alikuwa hatua mbili kutoka nilipo. Sikumuuliza. Nilimjibu jaji kwamba neno lina maana ya kulinda, kutunza, kama mzazi anavyomwangalia mwanawe.

Nilimpa na mfano, Aikande. Hakuniomba mfano.

Jaji akaandika. Wakili wa kanali hakuuliza swali hata moja. Nani angelivuruga jambo zuri namna ile. Riziki alikaa nyuma ya pazia, hajui kwamba ameshamtetea mtu aliyekaa akamtazama.

Hukumu ilisomwa juma lililofuata. Askari watano walifungwa maisha. Mmoja wao alipiga kelele kwamba mkubwa ndiye aliyewaambia wafanye, na kwamba yeye alikuwa wa kumbebea kiti. Walimtoa nje akiwa bado anasema. Sikuombwa kuyatafsiri, kwa hiyo sikuyatafsiri. Kanali aliachiwa huru. Jaji alisoma katika hukumu kwamba shahidi mwenyewe alikiri kuwa kamanda alikuwa anawachunga wanawake. Neno langu lilisomwa kwa sauti, likiwa limevaa koti la Riziki.

Wageni wa mashirika ya haki za binadamu walipiga makofi. Waandishi wakaandika kwamba nchi imewahukumu watu wake. Na kweli, watano walikuwa wamefungwa, na walistahili. Hapo ndipo uchafu ulipo, mwanangu: kesi ile haikuwa ya uongo mtupu. Ilikuwa na kweli ya kutosha kuufunika uongo wake.

Nje ya ukumbi kanali alinijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, "Asante, Mama Arusha. Wewe ni mtu wetu."

Nikasema asante. Nilisema asante, na nikacheka kidogo, kile kicheko.

Nilipogeuka nilimkuta Riziki. Alikuwa amesimama karibu na ukuta na wanawake wenzake, na kwa namna fulani habari zilikuwa zimemfikia. Pale palikuwa na karani mwingine, mwenyeji wa mji ule, si yule wa mezani kwetu, aliyejua lugha zote mbili. Hakunipigia kelele. Aliniuliza, "Mama, unasikia Kiswahili?"

Unajua kwa watu wa bara, kusikia lugha ndiyo kuielewa. Nikamjibu, "Ninasikia."

Akasema, "Basi ulinisikia."

Akaenda zake. Aliondoka bila haraka, akiwa na wenzake, kwa njia ya kupanda mlima.

Ningependa kukuambia kwamba pale pale nilijuta nikarekebisha. Kesho yake nilikuwa nafunga sanduku, Kapteni Lwambo akabisha mlango. Hakuketi. Alisema kwa Kifaransa, maana Kiswahili hakukijua, kwamba karani yule amemweleza juu ya lile neno, na kwamba anazo siku tano za kukata rufaa. Alitaka nisaini karatasi moja tu, kwamba tafsiri ya sentensi ile haikuwa sahihi. Alikuwa ameshaiandika. Sauti imerekodiwa, akasema, lakini majaji wa rufaa nao hawajui Kiswahili, na karani wakimsikia watasema ni mtu wa huko huko. Alinihitaji mimi, kwa sababu ni mimi niliyeapishwa.

Nilimwambia neno lina maana zote mbili. Aliniuliza shahidi alimaanisha ipi. Nikamwambia kazi yangu si kusoma mioyo. Nilikasirika, na hasira ile leo inanishangaza: nilikasirika kweli kweli, kama mtu anayeonewa. Nikamkumbusha miaka niliyofanya kazi katika mahakama ya dunia. Nikamwambia asitafute wa kumbebesha kushindwa kwake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, mimi ninashtaki jeshi langu. Wewe unashindwa kushtaki sentensi yako."

Akaikunja ile karatasi akaiweka juu ya kitanda changu, ili nikibadili nia niwe nayo. Niliiacha pale pale juu ya kitanda. Nilipanda gari la mahakama kwenda uwanja wa ndege, na nikiwa angani nilikuwa nawaza vitenge.

Rufaa ilishindikana. Nilikuja kusikia kwamba kanali alipandishwa cheo, na Kapteni alihamishiwa kituo cha mbali kuhesabu mablanketi, baadaye akaacha jeshi. Mimi nilirudi nyumbani nikawa mtu wa kusifiwa. Halafu polepole nikawa siwezi kufungua mdomo kazini. Nikikaa kwenye kibanda cha mkalimani nikavaa vile visikilizio, kila neno linakuja na maana mbili, na nakuwa sijui niishike ipi. Nikasema macho yananisumbua, nikaacha. Nikafungua kile kiduka cha kuchapa na kutafsiri vyeti. Umekulia humo. Cheti cha kuzaliwa hakina maana mbili.

Miaka yote nilijidanganya kwa namna nyingi. Nilisema kuwa hata bila mimi wangemwachia. Nilisema mimi ni chombo tu, bomba linalopitisha maji. Nilisema yale ni ya nchi ya watu, si yangu. Kanisani nilitubu kwa maneno ya jumla, kwamba nimekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo, nikapita haraka kwenye "maneno." Ukitaka kujua kosa lako ni zito kiasi gani, angalia unavyolitaja kwa jumla.

Nilianza kuwa na taabu mpya ulipochagua sheria. Ukawa unakuja likizo unanieleza juu ya wajibu wa kamanda kwa matendo ya walio chini yake, huku unamenya ndizi, hujui unamwambia nani. Halafu ukapata nafasi jeshini. Nilifurahi, na niliogopa. Sina neno juu ya jeshi letu. Silijui kwa ubaya na ninakwenda kuliazimisha mwanangu. Ninachokijua ni meza. Meza utaikuta kila mahali, na watu wake ni wazuri. Watakujali ukiumwa. Watakujua kwa jina. Siku ukitakiwa kusoma faili lenye jina la mmoja wao, hakuna atakayekutisha. Watasema tu kwamba wewe ni mtu wetu. Na utaona aibu. Aibu ile ya kumtamkia mtu mzuri neno baya alilolitenda ndiyo iliyonimaliza mimi, na ndiyo inayonitia kinyaa kuliko woga, maana inafanana sana na malezi mema.

Ukiweza, kula mahindi yako kwenye ngazi. Ni baridi pale, na watakucheka. Nisingependa kukudanganya kwamba Kapteni Lwambo alilipwa kwa wema wake. Hakulipwa.

Leo, baada ya kutapika, nilikaa kule migombani nikafikiri kwamba nikikuficha na hili utaondoka ukiwa na mama aliyehukumu wauaji, na siku moja utafanya kama yeye alivyofanya ukidhani unafanya vizuri.

Sasa sikia kilichobaki, ambacho ndicho kigumu kwako.

Mwezi uliopita nilimtafuta Kapteni. Siku hizi ni wakili katika mji mdogo karibu na mpaka. Nilimpigia simu, nikaanza kuomba radhi, akanikatisha. Alisema radhi haina mahali pa kuifaili. Alisema anataka karatasi. Nilimuuliza juu ya Riziki. Yuko hai, anauza unga wa muhogo sokoni. Baada ya siku mbili alinipigia kuniambia kwamba amempelekea salamu zangu na kwamba mama huyo amezikataa. Hataki kunisikia wala kuniona. Nikamwambia Riziki ana haki. Akasema hakuniuliza kama anayo.

Jumatatu nilikwenda kwa wakili hapa mjini, nikala kiapo, nikaandika kila kitu: sentensi yake kama alivyoisema kwa Kiswahili chake, tafsiri niliyoitoa, swali la jaji, jibu langu, na kwamba nilijua. Wakili alinishauri niseme niliteleza. Nilimwambia aandike nilijua. Nimeituma. Kapteni anaipeleka kuomba shauri lifunguliwe upya. Huenda wakakataa. Kanali sasa ni jenerali, na nchi hazipendi kurudia kazi iliyokwisha pigiwa makofi. Lakini wakikubali, jina langu litasomwa hadharani, na mkalimani aliyeapa kisha akasema uongo ana kosa lake mwenyewe katika sheria zao. Wakiniita nitakwenda. Wakinishtaki nitasimama pale waliposimama wale watano.

Habari itafika huku. Itakufika ukiwa ofisa mgeni, hujamaliza hata mwaka, na jina la baba yako ndilo lililo kwenye kiapo changu. Wakubwa wako watakuuliza kama ni ndugu yako. Sema ni mama yangu. Mjomba wako atakupigia simu, na ukoo mzima utakuja juu, watasema wewe ndiye mwanasheria wetu, tafuta njia, sema alikuwa mgonjwa, sema alilazimishwa, sema neno lina maana mbili.

Nilikulea peke yangu tangu baba yako alipofariki, na sijawahi kukuomba malipo. Naomba moja. Uje kuniona ukiweza, uniletee sabuni kama nitaihitaji, unisemeshe kama mama yako. Ila wakikupa nafasi ya kusema mbele ya watu juu ya nilichokifanya, kiseme kama kilivyo.

Usinitetee.

Mama